Chapa ya msuka: inavyosaidia kukadiria umri wa kisu cha kukunja

Chapa ya msuka ni maandishi au alama ambazo kiwanda hugonga kwenye msuka wa kisu cha kukunja, yaani ile sehemu nene isiyonolewa, mwanzoni mwa bapa, kwenye ribiti ambayo bapa huzungukia. Mkusanyaji wa visu vya zamani huanza kutafuta umri hapo. Hata hivyo, chapa hueleza umri wa bapa lile tu. Umri wa kisu kizima huamuliwa na kipande chake kilichotengenezwa mwisho, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Case, kiwanda cha Bradford, Pennsylvania, nchini Marekani. "CASE XX" isiyo na jina la nchi ni ya kati ya 1940 na 1964. Kuanzia 1965 hadi 1969 iliongezwa "U.S.A." Mwaka 1970 viliwekwa vitone kumi, kisha kila mwaka kikaondolewa kimoja: 1971 vilibaki tisa, na 1979 kikabaki kimoja. Mwaka 1980 hesabu ikaanza upya kwa vitone kumi, ila safari hii herufi S ilichongoka kwa pembe mithili ya radi. Kwa hiyo vitone saba vyenye S ya kawaida ni 1973. Vyenye S ya radi ni 1983.

Hesabu hiyo huharibika kwa urahisi. Gurudumu la kung'arishia likipitishwa sana juu ya msuka, kitone kimoja au viwili hufutika, na kisu kikaonekana kipya kuliko kilivyo. Uchafu uliokauka nao huficha vitone. Weka tone la mafuta mepesi, subiri yalainishe uchafu, uutoe kwa kijiti cha mti laini, kisha utazame kwa lenzi ya kukuza mara kumi huku mwanga ukitokea ubavuni. Usitumie msasa kamwe. Ukiona kingo za herufi zimelegea na kuwa mviringo, msuka umesagwa, na idadi ya vitone si ya kutegemewa.

Geuza bapa. Upande wa pili wa visu vingi vya Case una namba ya aina, na namba hiyo ni kipimo kizuri cha uhalisi. Katika 6347, tarakimu 6 humaanisha mpini wa mfupa uliochongwa (baadaye pia plastiki ya kuuiga), 3 ni idadi ya mabapa, na 47 ni umbo la kisu. Kisu chenye namba hiyo lakini mpini wa manjano kimebadilishwa kitu, kwa sababu manjano ilianza na tarakimu 3.

Kwa visu vya Ulaya, anza na jina la nchi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa kutoka nje kuandikwa nchi zilikotoka kuanzia 1891, ndiyo maana "England" na "Germany" hujaa kwenye misuka ya baada ya hapo. Kukosekana kwa jina la nchi hakuthibitishi kwamba kisu ni cha kabla ya 1891, maana kilichouzwa nyumbani hakikubanwa na sheria hiyo. "West Germany" hukifunga kisu kati ya 1949 na 1990. Neno "stainless" huondoa kila kitu cha kabla ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley alitengeneza chuma chake kisichoshika kutu huko Sheffield, Uingereza. Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa, ikiwa na pete ya kufungia bapa haiwezi kutangulia 1955.

Baada ya hapo, linganisha. Mpini wa Delrin, plastiki iliyoanza kuuzwa 1960, hauendani na bapa la miaka ya 1920 isipokuwa mpini ulibadilishwa. Tazama ribiti: iking'aa upya huku chuma kinachoizunguka kimefifia, kisu kimewahi kufunguliwa. Mabapa mawili ya kisu kimoja yenye weusi wa viwango tofauti yanatia shaka hiyo hiyo. Jina pekee pia halitoshi. Remington, kampuni ya Marekani, ilitengeneza visu kuanzia 1920 hadi 1940, lakini kuanzia 1982 vikatoka visu vipya vya kuiga vile vya zamani, navyo vina jina lile lile.

Andika chapa za pande zote mbili za kila bapa kabla ya kusafisha chochote. Na visu vyenye mpini wa seluloidi (aina ya plastiki ya zamani) vitenge na vingine, mahali penye hewa: seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, na misuka ya visu vya jirani hupata mashimo ya kutu kabla mpini wenyewe haujaonyesha ufa.