Je, mvuke na maji ya moto huua saratani?

Wengi huamini kwamba seli za saratani hazihimili joto, hivyo kuoga maji ya moto sana au kukaa kwenye mvuke huziua. Imani hii haikuzuka hivihivi: zipo hospitali zinazopasha uvimbe hadi nyuzi 40 au 45 za Selsiasi, kwa vifaa maalumu, ili kuongezea nguvu mionzi au dawa.

Lakini mvuke hupasha ngozi. Ndani, mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37 kwa kutoa jasho na kupanua mishipa ya damu. Tena seli ina ulinzi wake. Mwaka 1962 ilibainika kwa inzi wa matunda kwamba joto huamsha jeni fulani. Baadaye zikatambuliwa protini zitokanazo na jeni hizo, zikaitwa protini za mshtuko wa joto. Husaidia protini nyingine zikunjike sawasawa, zisiharibike. Zipo hata pasipo joto, na hili ndilo ningependa lieleweke zaidi: seli nyingi za saratani huwa nazo kwa wingi, na huzitegemea ili ziendelee kuishi. Joto la wastani laweza kuchochea protini hizo ziongezeke.

Ukikutana na dai la tiba ya joto, tazama: walijaribu kwenye seli za maabara au kwa wagonjwa? Joto lilipimwa ndani ya uvimbe au juu ya ngozi? Je, wagonjwa hao walikuwa pia wakipata mionzi au dawa? Mara nyingi swali hilo la mwisho ndilo hufichua mengi.