Mzizi wa jino unaliwa. Je, mwili mzima unawaka?

Siku hizi wagonjwa wangu hapa Moshi wanakuja na swali tayari, simu mkononi: "Dokta, nimesoma kwamba jino likiliwa mzizi, ujue mwili mzima una inflamesheni. Nianze dawa gani?" Kuliwa huku ni seli za mwili wenyewe kuumega mzizi, si jino kuoza. Jibu langu halimfurahishi mtu. Kwenye jino lenyewe, inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka dhidi ya kinachoudhi, mara nyingi ipo, haina ubishi. Mwili mzima ni habari nyingine, na ushahidi wake bado mwembamba.

Uwezo wa mwili kula jino si ugonjwa. Jino la utoto likidondoka, mtoto anakuletea kipande kifupi kisicho na mzizi. Mzizi haukukatika, umeliwa. Kuna seli za kazi hiyo, ndugu wa zile zinazovunja mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, na zimefanya hivyo kulipisha jino la ukubwani. Shida inaanza zinapoligeukia hilo la ukubwani, ambalo halina mrithi.

Kwa kawaida haziliwezi. Nje, mzizi umefunikwa na tabaka jembamba la sementi (si ya kujengea, ni gamba la mzizi wenyewe) pamoja na nyuzi zinazoushikilia kwenye mfupa. Ndani kuna tabaka changa la dentini, ile inayounda mwili wa jino, ambalo halijaingia madini. Seli zile hazipati pa kushika hapo. Tabaka likichubuka zinapata, lakini mchubuko mtupu mara nyingi hupona wenyewe. Zinaendelea kula pale panapokuwa na kichocheo kisichoisha, hasa bakteria ndani ya jino lililokufa. Eneo likiwaka, seli za kinga na za jirani hutoa kemikali, mojawapo inaitwa RANKL, inayoamuru seli za kula zikomae na ziingie kazini. Ukiondoa bakteria, amri inakoma. Ndiyo maana tunasafisha mzizi, tunauwekea dawa ya kalisi haidroksaidi, na mara nyingi ulaji unasimama bila mgonjwa kumeza hata kidonge kimoja.

Sasa angalia hili. Kijana anaanguka na bodaboda, jino la mbele linatoka zima. Likikaa kavu zaidi ya dakika 60, seli za zile nyuzi huwa zimekufa. Hata tukilirudisha vizuri, mfupa unashikana na mzizi moja kwa moja na kuugeuza mfupa taratibu, kwa miaka. Ulaji huo hauhitaji bakteria wala inflamesheni ya mwili. Kwa hiyo anayesema kila jino linaloliwa ni alama ya mwili unaowaka, hajaliona hili. (Likitoka jino la ukubwani, lishike upande mweupe, usisugue mzizi, suuza kidogo, lirudishe tunduni. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa, nayo Uchagani hayakosekani, kisha wahi kwa daktari. La utoto halirudishwi.)

Aina inayonipa kazi zaidi ni ile ya shingoni mwa jino, karibu na fizi. Haiumi. Wakati mwingine inatoa doa la rangi ya waridi, ila kwa mtu aliyekulia kwenye maji yenye floridi nyingi ya upande wa Meru, meno yakiwa ya kahawia, doa hilo ni rahisi kulikosa. Eksirei ndiyo inayosema. Mwaka 1999 daktari wa meno Geoffrey Heithersay wa Australia alichambua wagonjwa wa aina hii. Waliovaa waya za kunyoosha meno waliongoza, wakifuatiwa na walioumia meno, na wengine walikuwa wameng'arishwa jino kwa dawa kutoka ndani. Yote ni mambo yaliyolipata jino lenyewe.

Dhana ya mwili mzima haikutoka hewani, tuseme haki. RANKL hiyohiyo ndiyo inayochochea kuliwa kwa mfupa kwenye fizi zilizougua na kwenye viungo vya mwenye baridi yabisi. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Lakini hayo ni ya fizi na mfupa. Kuyahamishia kwenye mzizi unaoliwa ni kuruka mto bila daraja. Nasisitiza kwa sababu tulishapita huko: mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal akiyashutumu maambukizi ya kinywani kuwa chanzo cha magonjwa mengi ya mwili, na kwa miaka iliyofuata watu wakang'olewa meno mazima ili magoti yapone. Magoti hayakupona, wakabaki vibogoyo.

Kwa hiyo jino moja likiwa linaliwa, mimi nauliza habari za jino hilo: uligongwa lini, ulivaa waya, liliwahi kung'arishwa? Juisi za "kusafisha mwili" zinazouzwa mjini hazifiki kwenye mzizi, na kipimo cha damu kinachoonyesha inflamesheni kinaweza kupanda hata kwa mafua. Nikikuta meno kadhaa yanaliwa na hakuna ajali wala waya, hapo nabadilika. Namwandikia mgonjwa aende kwa daktari wa magonjwa ya ndani apimwe kalisi, figo na tezi za parathairoidi (zile ndogo za shingoni zinazosimamia kalisi), na matibabu ya meno tunayaendeleza wakati majibu yanasubiriwa.