Saratani ya ovari: yanayosemwa na ukweli wake

"Nilipima mlango wa kizazi, majibu ni mazuri, kwa hiyo sina saratani ya ovari." Dhana hii inanitia hofu kuliko zote, maana anayeiamini ni mwanamke anayejali afya yake. Kipimo cha Pap huangalia seli za mlango wa kizazi tu; ovari, viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, ziko ndani zaidi, hakizifikii. Kwa mwanamke asiye na dalili, hakuna kipimo kilichothibitika kupunguza vifo. Utafiti mkubwa wa Uingereza, wenye wanawake zaidi ya 200,000, ulijaribu kipimo cha damu cha CA-125 (protini inayoweza kupanda mtu akiwa na saratani ya ovari) pamoja na ultrasaundi. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa vifo havikupungua.

Ndiyo maana dalili zina uzito, na si kweli kwamba hazipo. Tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya tumbo au nyonga, kukojoa mara kwa mara: zinafanana mno na za gesi au UTI, na wengi hutibiwa hayo kwa miezi. Cha kuangalia ni kama hali hiyo ni mpya kwako na inajirudia karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Kama umepita miaka 50, usiridhike na dawa za gesi peke yake. Omba uchunguzwe ovari.

Wengine hushtuka wakisikia CA-125 imepanda. Hupandishwa pia na endometriosisi (tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), fibroidi (uvimbe wa mfuko wa uzazi usio saratani), ujauzito, hata hedhi. Uvimbe wa maji kwenye ovari nao, kwa walio katika umri wa kuzaa, mara nyingi hauna madhara. Saratani huthibitishwa maabara kwa kuchunguza tishu.

"Kwetu hakuna aliyeugua." Wagonjwa wengi wako hivyo hivyo. Lakini ukirithi hitilafu ya BRCA1, jini ambayo kwa kawaida hukinga dhidi ya saratani, uwezekano wa kuugua maishani hufika takriban wanawake 4 kati ya 10, na unaweza kuirithi kwa baba. Vidonge vya uzazi wa mpango, vinavyolaumiwa sana, hupunguza hatari ya saratani hii.

Wala saratani ya ovari si hukumu ya kifo. Ikigunduliwa ingali kwenye ovari tu, wagonjwa takriban 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Tiba ni upasuaji, na kwa wengi kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani, za karboplatini na paklitakseli. Kabla ya upasuaji, uliza kama daktari ni bingwa wa saratani za via vya uzazi, kwa sababu uvimbe unaobaki tumboni hupunguza nafasi ya kupona.