Barua pepe ya kazini kwenye kompyuta ya msafiri: yanayosemwa na yalivyo

"Ofisini inafanya kazi, basi itafanya kazi popote."
Dhana hii ndiyo inayowakwamisha wengi. Ofisini, kompyuta mpakato imo ndani ya mtandao ambao seva (kompyuta inayopokea na kutuma barua za ofisi) inauamini. Ikitoka hapo ni mgeni kama wageni wengine. Dalili inajulikana: barua zinaingia vizuri, lakini zinazotumwa zinarundikana kwenye kikasha toezi (Outbox). Mara nyingi tatizo ni poti 25 (poti ni mlango wenye namba ambamo data hupita), ambayo mitandao mingi ya hoteli na kampuni za intaneti huifunga ili kuzuia barua taka. Tumia poti 587 au 465, na uhakikishe programu inajitambulisha kwa seva wakati wa kutuma, si wakati wa kupokea tu. Kisha, kabla mtu hajaondoka, zima Wi-Fi ya ofisi, unganisha kompyuta yake na intaneti ya simu, atume barua kwa anwani ya nje na ajibiwe. Ni jaribio la dakika chache, na bado wengi hawalifanyi.

"POP au IMAP, yote mamoja."
Hata kidogo. Ni njia mbili tofauti za programu kuchukua barua kwenye seva. POP (toleo lake la sasa ni POP3) kwa kawaida huzishusha barua na kuzifuta kwenye seva, isipokuwa umechagua kuacha nakala. Kompyuta ikiibwa safarini, barua nazo zimekwenda. IMAP huziacha kwenye seva, hivyo simu na kompyuta huona kitu kimoja. Ila msije mkadhani IMAP ni hifadhi ya akiba: barua uliyoifuta huku, na kule imefutika.

"Bila intaneti hakuna barua."
Zipo, mradi programu imewekwa kuhifadhi nakala kwenye diski. Majibu utakayoandika ndegeni yataondoka ukipata mtandao. Angalia tu kipindi kilichochaguliwa: programu ya barua ya Outlook ikiwekwa ishike miezi mitatu, mkataba wa mwaka jana hutauona angani.

"Nenosiri la Windows linatosha."
Diski isiyosimbwa (isiyofungwa kwa msimbo wa siri) huchomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Washa usimbaji wa diski, yaani BitLocker kwenye Windows au FileVault kwenye Mac, na ufunguo wa kurejesha ubaki ofisini.

"Msimbo wa kuingia utakuja kwa SMS."
Kwa laini ipi? Anayechomoa laini yake na kuweka ya ugenini hujifungia nje ya akaunti. Afadhali programu ya kutengeneza misimbo kwenye simu, ambayo haihitaji laini wala intaneti. Inachohitaji ni saa ya simu iwe sahihi, kwani misimbo hutokana nayo. Aliyeisogeza kwa mkono ili ifuate majira ya ugenini, badala ya kubadilisha ukanda wa saa, atakataliwa kila msimbo.