Kinyago cheusi sio lazima kiwe mpingo, na mengine tunayodanganyana kuhusu Lilanga na Nyumba ya Sanaa

Juzi hapa Dodoma jirani yangu kanionyesha kinyago kinang'aa, anasema mpingo halisi, nikakigeuza nikakikwaruza kidogo tu chini kwa kisu, ndani mti mweupe na dole gumba langu limejaa dawa ya viatu. Roho iliniuma kweli. Weusi peke yake hausemi kitu jamani, mpingo wenyewe nje una mti wa njano uliopauka, weusi ni wa moyo wake, na ni mzito mpaka ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Mpime hivyo.

Ila usije ukakataa kinyago eti kwa sababu sio cheusi. George Lilanga, yule msanii wetu maarufu, alikuwa Mmakonde na alichonga pia mti mwepesi akaupaka rangi kali kali, watu wenye masikio makubwa, vitambi, vidole viwili vitatu, na ni kazi yake halali kabisa. Wanaomwita mchoraji wa Tingatinga wanakosea, Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa picha za rangi, alikuwa mtu mwingine na alifariki 1972, Lilanga yeye chimbuko lake ni uchongaji.

Halafu ile Nyumba ya Sanaa ya Dar, ambayo siku hizi haipo tena, wengi wanasema ilikuwa galari ya Lilanga. Haikuwa yake! Ilianzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt ili wasanii wapate pa kufanyia kazi na kuuzia, na Lilanga, mzaliwa wa Masasi 1934, aliingia pale kama mlinzi wa usiku, ndugu yake Augustino Malaba ndo alimtafutia hiyo kazi. Analinda usiku, anachonga, mpaka wakaziona kazi zake, na 1978 zikaoneshwa Washington. Aliendelea hadi alipofariki 2005.

Linaloniumiza zaidi ni hili la uchawi, watu wanaogopa kuweka sebuleni kinyago cha shetani, yaani kile cha Kimakonde chenye umbo la ajabu la kiroho. Huo mtindo ni wa miaka ya 50, anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, na vilichongwa viuzwe, hakuna anayevisujudia.

Na anayesema huku kwetu Ugogoni hakuna uchongaji, ashike zeze au ilimba, ala zetu za muziki, aitazame vizuri, ule mti umechongwa kwa mkono kabla haujatoa sauti.