Kurundika picha: maana yake kwa mpiga picha wa galaksi

Kurundika picha ni kupiga picha nyingi za sehemu ileile ya anga, kuzipandanisha nyota juu ya nyota, kisha kuchukua wastani wa kila pikseli ili ipatikane picha moja. Wengi hudhani lengo ni kuongeza mwangaza. Sivyo. Lengo ni kupunguza chenga, yaani vidoadoa vya kubahatisha vinavyobadilika picha hadi picha.

Tuchukue M51, galaksi yenye mikono miwili iliyojisokota, iliyoko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 20. Mwanga wake unaoingia kwenye darubini ndogo ya uani ni haba mno. Tuseme pikseli iliyo kwenye mkono wa galaksi inasoma mwangaza wa 112, 94, 121 na 97 katika picha nne, na ya jirani, iliyo kwenye anga tupu, inasoma 88, 103, 96 na 109. Tazama picha ya pili na ya nne: anga tupu limeishinda galaksi! Lakini wastani ni 106 kwa 99, na tofauti imeanza kujitokeza.

Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Picha 4 huzipunguza mara 2, picha 100 mara 10. Ukitaka kuzipunguza kwa nusu nyingine, utahitaji 400, na hapo ndipo watu wanapokesha.

Kwa nini isipigwe picha moja ya saa mbili? Kwa sababu nyota zingeungua zikawa madoa meupe, na upepo mmoja tu ungeharibu kila kitu. Katika rundo, picha iliyotikisika hutupwa. Mstari wa setilaiti nao hufutika, kwa kuwa programu huona pikseli hizo zimeachana mno na zile za mahali palepale katika picha nyingine.

Kuna kasoro ambazo wastani hauzigusi, kama pikseli zinazowaka palepale kila mara. Hizo huondolewa kwa picha za giza: unafunika darubini na kupiga kwa muda uleule, sensa (kipokea mwanga cha kamera) ikiwa na joto lilelile. Fokasi mbaya haina dawa. Picha 100 zenye ukungu zikirundikwa ni picha moja yenye ukungu.

Rundo likifunguka jeusi tii, usilifute. Mwanga wa galaksi umejibana kwenye kona ya giza ya histogramu, grafu inayoonyesha pikseli ngapi zina mwangaza gani. Uvute taratibu kwenye programu, yaani uung'arishe kidogo kidogo, mikono itatokea, pamoja na galaksi ndogo ya NGC 5195 pembeni yake.