Je, pulsa ikishtuka ghafla, ni wimbi la mvutano lililoigusa?

Pulsa ni nyota ya nyutroni, yaani masalia yaliyoshindiliwa ya nyota kubwa, inayozunguka na kutuma mapigo ya redio; husemwa imeshtuka inapoongeza kasi ghafla. Wimbi la mvutano ni mtikisiko wa nafasi na muda wenyewe. Mwandishi wa makala hii aliwahi kuamini kwamba mshtuko huletwa na wimbi hilo, na kosa hilo lina asili yake. Mwaka 2023 kundi la watafiti la NANOGrav na mengine yalitangaza ushahidi wa mvumo, yaani mchanganyiko wa mawimbi mengi ya mvutano, ushahidi uliotokana na kupima mapigo ya pulsa, na ni rahisi kudhani kwamba walikuwa wakivizia mishtuko. Sivyo. Wao huchagua pulsa zilizo tulivu kabisa, zinazozunguka mara mamia kwa sekunde, wakizitumia kama saa. Wimbi linapopita haliharakishi nyota. Hurefusha na kufupisha njia ya mapigo, hivyo yakafika mapema au yakachelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na tofauti hiyo hujengeka kwa miaka, tena katika pulsa nyingi, kwa mpangilio unaofuata pembe iliyopo kati yao angani. Mshtuko huipata nyota moja peke yake, na kwa watunza saa hawa ni kero tupu.

Wanaotafuta mvumo unaotokana na mishtuko wanauliza swali la kinyume: je, nyota inaposhtuka, yenyewe hutoa mawimbi?

Pulsa ya Vela, ambayo mshtuko wake wa kwanza ulionekana mwaka 1969, huzunguka karibu mara 960,000 kwa siku. Ikishtuka, huongeza mizunguko miwili hivi kwa siku. Chanzo kinachokubaliwa na wengi kimo ndani yake. Chukua ndoo ya maji iliyoning'inizwa kwa kamba na kuzungushwa: ukiikamata, maji huendelea kuzunguka. Ganda la nyota ya nyutroni hupunguza kasi polepole kama ndoo hiyo, ila kimiminika kilichomo hakina msuguano na hakiwezi kupungua kasi mpaka kitoe nje vizingia vyake vidogo (mikondo inayozunguka kama vimbunga vidogo), ambavyo vimenasa kwenye ganda mithili ya wavu ulionasa mwambani. Tofauti ya kasi huvuta wavu huo, mwaka baada ya mwaka, hadi vizingia vingi ving'oke kwa pamoja na ganda lipokee kasi iliyokuwa imewekwa akiba.

Hapa pana sharti gumu: kuzunguka kwenyewe hakutoi mawimbi ikiwa umbo na mwendo vimelingana pande zote za mhimili. Ni lazima vizingia ving'oke kwa upogo, na kiasi cha upogo huo bado kinategemea nadharia.

Kwa kuwa mshtuko mmoja ni dhaifu, hutafutwa jumla ya mingi, kama mvua inayosikika juu ya paa bila tone lolote kutambulika. Data za vigunduzi vya mawimbi ya mvutano vya LIGO, vya Hanford na Livingston nchini Marekani, vilivyo mbali kwa kilomita 3,000 hivi, hulinganishwa, kwa maana lori linalotikisa ardhi kwenye kimoja halikifikii kingine, ilhali mvumo wa anga huvifikia vyote viwili. Hadi sasa ulinganisho huo umetoa kikomo cha juu tu cha nguvu ambayo mvumo huo unaweza kuwa nayo.